Mondo, Mwindaji wa Panya

Mondo ni nyama wa jamii ya paka. Jamii hiyo ina wakubwa, ndio simba na chui, tena ina wadogo ambao watu hawawajui sana, kwa sababu wanatembea usiku na kujificha mchana. Mondo ni mmoja wa hao wadogo. Anamzidi sana paka wa nyumbani, lakini hafiki ukubwa wa chui. Dume mzima ana uzito wa kilo 9 mpaka 18. Jike ni mwepesi zaidi. Akisimama, bega lake linafika santimetre 60 hivi, maana yake juu kidogo ya goti la mtu mzima.

Watu wengi wakimwona mara ya kwanza wanapiga kelele: «Chui! Mtoto wa chui!» Madoa yake yanawadanganya. Lakini tazameni vizuri. Madoa ya chui yamepangwa kama mviringo, na katikati ya mviringo mna rangi ya manjano. Madoa ya mondo ni meusi kabisa, hayana nafasi katikati. Juu ya shingo na mabega madoa hayo yanaungana, yanakuwa mistari mirefu. Mkia wa chui ni mrefu sana. Mkia wa mondo ni mfupi, wenye pete nyeusi, wala haufiki chini. Tumbo lake ni jeupe. Ngozi yote iliyobaki ina rangi ya majani yaliyokauka, na kwa sababu hiyo mtu anaweza kupita karibu naye sana asimwone.

Mondo wengine wana madoa madogo sana, kama vumbi jeusi lililomwagwa juu ya manjano. Zamani wataalamu wa Ulaya walipoletewa ngozi za namna hiyo walidhani ni nyama mwingine, wakampa jina lake. Baadaye ilionekana kwamba ni mondo yuleyule. Katika milima mirefu ya Kenya na Etiopia wako hata mondo weusi tangu kichwa hadi mkia.

Vitu viwili vinamtenga mondo na paka wengine wote. Cha kwanza ni miguu. Ukilinganisha na ukubwa wa mwili, hakuna paka duniani mwenye miguu mirefu kama yake. Mtu akimwona kwa mbali atafikiri ni paka aliyepanda juu ya vijiti. Lakini miguu hiyo haikufanywa kwa mbio ndefu kama ile ya duma. Kazi yake ni kumwinua mondo juu ya majani, apate kusikia na kuona, na kumrusha hewani.

Cha pili ni masikio. Ni makubwa, yamesimama wima, na mizizi yake imekaribiana juu ya kichwa kidogo. Nyuma ya kila sikio ni peusi, na katikati ya weusi huo kuna doa jeupe. Mondo anaweza kugeuza sikio moja upande huu na la pili upande mwingine. Kwa masikio hayo anamsikia panya akitembea chini ya majani, mahali ambapo jicho haliwezi kuona kitu. Tena anamsikia fuko akichimba chini ya udongo.

MAHALI ANAPOKAA

Mondo ni nyama wa Afrika. Anakaa kusini ya jangwa la Sahara, katika nchi za majani. Ndani ya msitu mkubwa wa Kongo, ule wa katikati wenye miti mirefu na giza, hayumo. Huko anaishi paka mwingine wa pori, mwenye rangi nyekundu au ya kijivu, na miguu yake ni mifupi zaidi. Bali mahali msitu unapokwisha na majani yanapoanza, hapo ndipo pa mondo. Kwa hiyo anaonekana pande za Katanga, na kaskazini pande za Garamba, na katika mbuga za Virunga. Mlimani anapanda hata kupita metre 3000, mradi akute majani na panya.

Apendapo hasa ni karibu na maji. Penye matete, penye mafunjo, kando ya mito na vinamasi, majani hayakauki upesi, na panya ni wengi, na vyura pia. Mondo haogopi kulowa miguu. Atatembea katika maji haba akitafuta vyura, jambo ambalo paka wa nyumbani hawezi kulipenda hata kidogo.

Hakai pamoja na wenzake. Kila mondo ana eneo lake, anapita njia zilezile, na kutia alama kwa mkojo juu ya vichaka, ili mwingine akija ajue kwamba mahali pana mwenyewe. Eneo la dume ni kubwa kuliko la jike. Wakikutana madume wawili, mara nyingi wanatazamana, wanainua migongo, wanatoa sauti ya kutisha, kisha mmoja anakwenda zake.

JINSI ANAVYOWINDA

Jua linashuka. Mondo anatoka kichakani, anatembea polepole katika majani yanayofika tumboni. Anasimama. Anaketi. Pengine anafumba macho nusu, kama mtu anayesinzia. Lakini halali, anasikiliza. Anaweza kukaa hivyo dakika kumi na tano bila kutikisa kitu ila masikio. Mbele yake, hatua tano au sita, panya anatafuna mbegu. Mondo anageuza kichwa. Masikio yote mawili yanaelekea mahali pamoja. Ananyanyua mguu mmoja wa mbele, anauweka chini taratibu, kisha mwingine.

Halafu anaruka. Miguu yote minne inaacha nchi kwa mara moja, mwili unapanda juu ya majani kama upinde, na miguu ya mbele inaanguka pamoja juu ya panya. Mruko mmoja waweza kupita metre 3. Panya hakuona kitu, kwa kuwa kitu kilitoka juu. Pigo lenyewe linamzimisha, na meno yanamaliza kazi shingoni. Mondo akikosa, mara nyingine anaruka tena na tena papo hapo, akipiga majani huku na huku mpaka panya atoke.

Kwa nini haendi tu kwa kunyatia kama chui? Kwa sababu ndani ya majani makavu kila hatua inatoa sauti, na panya naye ana masikio. Mwenye kupita juu hatoi sauti. Lakini siku ya upepo mkali majani yote yanalia, na mondo anapata shida, kwani sauti ya panya inapotea katika kelele hizo. Siku hizo inambidi angojee.

Ndege anawakamata kwa namna nyingine. Ndege akiruka kutoka majanini, mondo anaruka naye, na kumpiga hewani kwa miguu ya mbele. Kisha, kabla ya kula, anamnyonyoa manyoya kwa meno, akitikisa kichwa ili manyoya yasibaki kinywani. Nyoka anampiga kwa mguu mara nyingi na kwa haraka, huku akiweka kichwa chake mbali. Panya aliye shimoni anamvuta nje kwa mguu wake mrefu wenye kucha, kama mtu atoaye kitu ndani ya mtungi.

Mwanamke mmoja mtaalamu wa Uholanzi, Aadje Geertsema, aliwafuata mondo katika shimo kubwa la Ngorongoro, nchi ya Tanzania, akaandika habari zao mwaka 1985. Alihesabu miruko yao. Karibu nusu ya miruko yote ilipata kitu. Nusu ni nyingi sana kwa mwindaji. Simba mwenyewe, na ukubwa wake na jamaa zake wanaomsaidia, hukosa mara nyingi kuliko kupata. Akahesabu tena chakula, akaona kwamba mondo mmoja mzima aweza kula panya wapata 4000 kwa mwaka mmoja, na pamoja nao nyoka 260 na ndege 130.

WATOTO

Jike anachukua mimba muda wa miezi miwili na nusu hivi. Anazaa watoto wawili au watatu, mara nyingine mmoja au wanne, katika majani mazito au katika shimo lililoachwa na muhanga. Wakizaliwa hawaoni, macho yanafumbuka baada ya siku tisa mpaka kumi na mbili. Dume hasaidii kitu. Mama peke yake anawanyonyesha, anawinda, anarudi, na akihisi hatari anawahamisha mmoja mmoja kwa kuwashika shingoni. Wakati huo anawinda hata mchana, maana vinywa vimekuwa vingi. Baada ya mwezi mmoja anaanza kuwaletea nyama. Wakikaribia mwaka mmoja anawafukuza, wakajitafutie eneo lao.

Adui zake ni chui, fisi, mbwa-mwitu, na mbwa wa watu. Akifukuzwa anakimbia kwa kurukaruka, mkia umeinuka, akigeuka kushoto na kuume ghafula. Lakini hawezi kukimbia mbali. Mbwa watatu au wanne wakimfuata penye majani mafupi, wanampata.

PANYA NA SHAMBA

Sasa inafaa kusema habari za panya mwenyewe, maana bila kumjua panya mtu hawezi kujua thamani ya mondo.

Katika mashamba ya Afrika yuko panya mmoja wa rangi ya udongo, mwenye kuenea kuliko wengine. Jike wake ana chuchu nyingi ajabu, zinaweza kufika 24. Anachukua mimba siku 23 tu, anazaa watoto kumi au zaidi, na watoto hao kabla ya kutimiza miezi minne wanaweza nao kuzaa. Mvua ikiwa njema na chakula kikiwa tele, panya wanaongezeka mpaka watu wanasema wameanguka kutoka mbinguni.

Panya hawa wanafukua mbegu za mahindi siku ileile zilipopandwa. Mkulima anangoja zichipuke, hazichipuki. Anafikiri mbegu zilikuwa mbaya. Wanakula karanga ardhini, wanakula mpunga ukiwa bado umesimama, na baada ya mavuno wanafuata chakula mpaka ghalani. Mama akienda kutoa mahindi ya kusaga kwa bukari, anakuta vumbi na mavi ya panya. Kile wasichokula wanakichafua.

Tena wanaleta ugonjwa. Viroboto wa panya ndio wanaochukua tauni. Watu wa Ituri wanaijua tauni kwa jina na kwa makaburi, na mpaka leo haijaisha huko.

Haifai kusema kwamba mondo peke yake atawamaliza panya. Hata bundi wanawala, na nyoka, na kozi, na paka wa nyumbani, na bado panya wapo. Lakini mahali wawindaji hao walipouawa wote, hakuna wa kuzuia panya ila mtu na mitego yake, na mtu anahitaji kulala usiku.

MWIZI WA KUKU

Hata hivyo mondo anauawa. Wengine wanamtaka kwa ajili ya ngozi yake. Siku hizi kuuza ngozi hiyo kutoka nchi moja hadi nyingine kunasimamiwa na mapatano ya mataifa yaliyofanywa Washington mwaka 1973. Ndani ya hifadhi, kama ile ya Upemba iliyowekwa mwaka 1939, kumwinda kumekatazwa kabisa. Lakini vijijini sababu kubwa ya kumwua si ngozi. Ni kuku.

Fikirini mtu mmoja. Jioni alikuwa na kuku saba, asubuhi anaona sita na manyoya chini. Anachukua waya kwenda kutega. Njiani anakutana na mzee wa kijiji.

«Jambo, baba.»

«Jambo, mwanangu. Waya ya nini?»

«Mondo amekula kuku wangu.»

«Ulimwona?»

«Usiku sikumwona. Lakini juzi nilimwona kule matetini.»

«Kumwona mtu karibu na soko si kumwona akiiba. Nyayo umezitazama?»

«Sijazitazama, baba.»

«Basi weka waya kwanza, twende.»

Wanakwenda nyuma ya nyumba, penye udongo laini. Mzee anainama. Wayo wa mondo ni wa mviringo, una vidole vinne, na mbele ya vidole hakuna alama ya kucha, kwa sababu paka akitembea anaficha kucha zake ndani. Ni kama wayo wa paka wa nyumbani, lakini mkubwa zaidi. Mbwa hawezi kuficha kucha. Wala fungo hawezi, wala nguchiro. Kanu aweza kuzificha, lakini wayo wake ni mdogo sana, tena yeye hupita juu ya miti na kuingilia paani. Kozi anachukua vifaranga mchana, haachi wayo wowote.

Katika udongo ule mna alama ya kucha mbele ya kila kidole. Mzee anasimama, anajinyosha mgongo.

«Huyu si mondo. Pengine ni fungo. Pengine ni mbwa wa jirani yako, na hiyo ni kesi nyingine.»

Lakini mara nyingine nyayo ni za mondo kweli. Anaiba kuku, hilo haliwezi kukanushwa. Anaiba hasa mahali majani yanapofika karibu na nyumba, na pale ambapo matete yake yamelimwa au kuchomwa moto, hata hana tena pa kuwindia. Kwa mtu mwenye kuku sita, kuku mmoja si kitu kidogo: ni mayai, ni karamu ya mgeni, ni daftari la mtoto wa shule. Mwenye kuku ana haki ya kukasirika.

Tatizo ni kwamba waya haijui kuchagua. Aliyetega ili kumpata mwizi mmoja atamnasa mondo ambaye hajawahi kuona kuku, au mbuzi wake mwenyewe. Na mondo yule akifa, panya wake wote wanabaki hai kando ya shamba.

Huko Afrika ya Kusini, mahali paitwapo Secunda, kuna kiwanda kikubwa sana kinachotoa mafuta katika makaa ya mawe. Kinatoa moshi na kelele, na kimezungukwa na uwanja wa majani na vinamasi, wenye ua, ambamo watu hawaruhusiwi kuwinda. Wataalamu waliweka mashine za kupiga picha usiku, wakatoa habari mwaka 2018: mondo wa hapo walikuwa wengi kuliko mahali po pote palipohesabiwa kabla. Moshi haukuwafukuza. Walikuwa na maji, majani, panya, na hapakuwa na waya.

Kumzuia mondo asile kuku si kazi ngumu. Mondo hapendi kupita mahali peupe. Anataka majani ya kumficha. Basi kwanza majani yafyekwe kuzunguka nyumba, hatua ishirini au zaidi kila upande. Banda la kuku liinuliwe juu ya nguzo, kimo cha kifua, kwa sababu ya unyevu na chawa pia. Lakini hapo wengi wanakosea: wanafikiri nguzo zinatosha. Kwa mrukaji kama mondo kimo cha kifua si kitu. Kinachomzuia ni ukuta na mlango. Fito zikaribiane, na udongo utiwe katikati, mguu usipate kupenya. Kwa maana ule mguu unaotoa panya shimoni utatoa na kuku kwenye tundu. Mlango ufungwe kabla jua halijazama, kwa kamba au kwa kijiti kinachopita katika pete. Asubuhi kuku wasifunguliwe umande ungali majanini. Saa hizo mbili, ya jioni na ya alfajiri, ndizo saa za mondo. Jua likiwa limepanda yeye amekwisha kurudi matetini kulala, na kuku wanaweza kutoka.

MAULIZO

1. Madoa ya mondo na madoa ya chui yana tofauti gani?
2. Kwa nini mondo haoni faida ya kuwinda siku ya upepo?
3. Mondo mmoja anakula panya 4000 kwa mwaka. Kwa siku moja ni wangapi, karibu?
4. Mzee alijuaje kwamba mwizi wa kuku hakuwa mondo?
5. Nendeni mtazame banda la kuku la nyumbani. Mondo angepita wapi?
6. Chora wayo wa paka na wayo wa mbwa.